Kifuu

Vifuu ishirini na viwili nilivipata Marikiti,
kwa Bi Mwanakheri akunaye nazi tangu alfajiri.
Nikavisugua kwa msasa vikang'aa kama vichwa vilivyonyolewa,
na kila Jumamosi, saa tatu, ghorofani pale Tudor,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
kila mkeka huwekewa kimoja upande wa kichwani.

Kikilala chali, umeniruhusu:
mkono wangu waweza kukunyoosha bega.
Kikilala kifudifudi, mkono wangu ubaki kwangu.
Huulizwi kwa nini,
hata ukikigeuza katikati ya pumzi.

Mzee Mwakio, aliyepooza ulimi mwaka juzi,
hukigeuza chake mara tano kwa somo moja
akicheka kwa ule upande wa uso uliomsalia.
Ndilo neno lake. Alitumie apendavyo.

Tsuma ana miaka thelathini na mmoja
na bado dadake humfunga viatu.
Humwambia kila mtu ndiyo:
ndiyo kwa chai, ndiyo kwa jua, ndiyo kwa asiyemjua.
Kwa Tsuma nauliza mara mbili, kisha nayatazama mabega,
maana mabega yake hayajajifunza adabu.

Mlango tumeuzuia kwa tofali, usijifunge.
Benchi la wazazi liko nyuma. Harufu ya oili hupanda ngazi.
Hatuna siri humu
ila umri wa Bi Hansa.

Akaja yeye, mwalimu wa kuazima,
wiki niliyotegua kifundo cha mguu nikakaa kitini kutazama.
Vyeti vyake vilikuwa na mihuri ya dhahabu.
Akavitazama vifuu: "Mwacheza bao?"
Wazazi wakacheka.
Nami nilicheka. Hili naliandika makusudi.

Akasema, kaeni mkao wa mtoto:
magoti chini, paji la uso chini, mikono mbele,
mkao ambao mtu hamwoni aliye nyuma yake.
Kifuu cha Swabra, miaka tisa, kilikuwa kifudifudi.
Nikakiona kidole gumba cha mguu wa yule bwana
kikikigeuza, taratibu, kama ageuzaye kobe,
na kiganja kikatua kiunoni mwa mtoto, kikakaa.

Kikakaa.

Nilihesabu pumzi. Mbili. Tatu.
Nikajiambia amsahihisha tu, ni mgeni wetu, ni jambo dogo.
Nne.
Maji ya kifuu, walisema waliotutangulia, bahari ya chungu;
nami nimeketi ufukweni, miguu mikavu,
napima kina kwa urefu wangu mimi.

"Toa mkono."
Haikutoka kama sauti ya mwalimu.
Ilitoka kama sahani iliyoanguka jikoni.
Akasema nimemfedhehesha mbele za watu.
Kweli. Ndiyo kazi ya watu.

Daftarini: tarehe, saa, jina, pumzi nne.
Maneno ya Swabra niliyaandika alivyoyasema, sikuyanyoosha:
"Kifuu changu kilisema hapana akakifanya kiseme ndiyo."
Mamake akatia sahihi, wino ukachuruzika.
Jumatatu tulifika kwa afisa wa watoto
kabla hajafungua dirisha.

Walikuwapo walionisimamisha njiani:
Kwa mguso tu? Wataka kumharibia mtu jina?
Jina lake walilijua lote, na la babake.
La mtoto, hawakuuliza.

Pumzi nne zile ni zangu.
Sijapata pa kuziweka.

Swabra alirudi baada ya Mfunguo Mosi.
Huchagua mkeka wa karibu na tofali.
Kifuu chake hulala kifudifudi, wiki baada ya wiki,
na akisimama mkao wa mti
mgongo wake huinama kidogo, kushoto.
Naona. Namwambia kwa mdomo, mara moja.

Usiponyooka, acha uiname.