Mstari wa Mwisho wa Mwanatumu

Darasa la Tano B, Pongwe, saa tatu kasorobo,
vumbi la chokaa limeingia kabla ya mwalimu.
Hiza anasoma insha yake:
juzi tulikwenda Amboni tukaingia pangoni kuna giza
mjomba akawasha tochi popo wakaruka nikalia
mjomba akacheka tukarudi tukala
mpaka sauti ikamkauka,
baiskeli isiyo na breki, mteremkoni,
na trei ya mayai nyuma.

"Hiza, ulipumua wapi?"
"Sikupumua, Mwalimu. Hapakuwa na mahali."

Basi tukatoka uwanjani, tukasoma kwa miguu:
mkato, punguza mwendo; nukta, simama,
hesabu mbili, ndipo uondoke na herufi kubwa.
Tulikuwa sabini na mmoja. Tukagongana visogo.
Wengine walifika kwenye mkato,
wakaona raha ya kivuli, wakagoma kuendelea.

Ng'ombe nilimwandika ubaoni bila ritifaa,
nikauliza amepungukiwa nini.
"Pembe," akasema Sechonge,
na tangu siku ile hakuna tena anayeiita ritifaa.

Kisha nikaandika: Chai ipo
Maneno mawili, mkia wazi.
Nikatia nukta: huyo Mama Kilua wa gengeni, amefunua birika.
Nikafuta, nikatia kiulizo: huyo kibarua wa machimboni,
anapapasa mia tano mfukoni.
Nikafuta, nikatia mshangao,
na darasa zima likapiga kelele;
njaa ya saa tatu haihitaji somo.
Kiswahili, nikawaambia, hakipindui maneno kikiuliza.
Kinainua sauti tu,
na karatasi haina koo.
Ndiyo kazi ya hii ndoano.

Nikarudi nyumbani nikijiona nimefundisha.

Usiku, kalamu nyekundu, rundo la madaftari.
Mikato imemwagwa kama ufuta juu ya mkate.
Mishangao mitatu mitatu kwa habari za muhogo.
Nikafika kwa Mwanatumu.

Mama amekwenda Mombasa, kufanya kazi za ndani.
Alipanda basi la Horohoro; mvua ilikuwa inanyesha.
Alisema, "Nisubiri Idi."

Kila kitu mahali pake. Hata nukta-mkato,
ambayo nusu ya walimu wenzangu wanaiogopa.
Semi zimefunguliwa, zimefungwa.
Halafu mstari wa mwisho, peke yake:

Mama atarudi

Mbele yake, tundu.
Raba imepita hapo, ikapita tena:
kitu kilitiwa, kikafutwa, kikatiwa kingine,
mpaka karatasi ikatoboka
na nikaona kupitia kwake meza yangu.

Mwongozo unasema sentensi isiyofungwa
ikatwe alama moja.
Idi mbili zimeshapita; nilizihesabu
nikiwa nimeshika kalamu juu ya lile tundu,
nikatamani kutia nukta,
nikajua si yangu kuitia.

Nikampa kumi kwa kumi.
Asubuhi atauliza mbona sikusahihisha pale,
na mimi