Kuku kwa Zaburi Mbili

Karatasi inasema: chukua kuku mnono.
Haisemi kilo ngapi. Haisemi wa nani.
Iliandikwa na mkono ulioshaoza karne sita zilizopita,
nami nimeinakili maktabani Troyes, kwa penseli tu,
maana wino umekatazwa,
hadi mtunza vitabu akaanza kuzima taa.

Kuku wangu anatoka kwenye friji ya duka kuu,
hana kichwa, hana miguu,
amekalia kipande cha pamba kama mgonjwa.
Maini nimeyafuata mbali, kwa Bwana Thévenot,
aliyeniuliza mara mbili kama nafuga paka.

Mkate nauchoma uwe hudhurungi, karibu mweusi,
naulowesha kwenye supu, nauponda pamoja na maini,
kwa sababu unga wa mahindi bado haujafika,
nyanya haijafika, pilipili haijafika:
vyote navifungia kabatini
kama watoto wa kabla ya ndoa mgeni akija.

Tangawizi ipo. Zafarani ipo. Karafuu ipo,
ambayo mwandishi hakujua huota juu ya ardhi au chini;
aliandika tu "kidogo",
kwa mwandiko wa mtu anayehesabu fedha za mwenzake.

Maji ya zabibu mbichi sikuyapata. Nimekamua ndimu.
Mnisamehe, wafu.

Jiko langu ni kioo cheusi kisicho na mwali.
Nikaweka sufuria ya shaba niliyoazima kwa wifi,
likalia pii, likazima: shaba halitambui.
Haya, ya chuma.

Kisha mstari mmoja ukanikwama kama mfupa:
"Ichemke polepole
muda wa kusali zaburi ya toba mara mbili."
Ni dakika ngapi hizo?
Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Jumapili tulilala.

Nikapanda ngazi kwa Bi Ghislaine Peyrot,
anayeishi juu ya kichwa changu,
mstaafu wa posta, miaka themanini na minne,
aliyelelewa na watawa wenye rula.

Alishuka na ndara. Akasimama mbele ya kioo cheusi,
mikono nyuma, akaanza kwa Kilatini,
haraka, kama anayegonga mihuri.
Raundi ya pili, katikati, akakwama.
Midomo ikatafuta. Mvuke ukamfunika miwani.
Akarudi mwanzo. Akakwama palepale.
Akarudi tena,
nami nimeshika mwiko, siwezi kumsaidia,
supu inanong'ona,
nikawaza: hata zama zile
palikuwa na mpishi aliyesahau mstari,
na siku hiyo nyama ikalainika kuliko siku zote,
na bwana wa nyumba akauliza siri ni nini,
na mpishi akatazama vidole vya miguu yake.

Mstari ulipomjia alipaza sauti
kama aliyeona basi lake linakuja.

Tulilia kwenye bakuli za uji wa asubuhi.
Mchuzi ulikuwa na rangi ya tope
na ladha ya Krismasi, kidogo ya dawa ya kikohozi.
Nyama ilitoka mfupani bila kubembelezwa.
"Chumvi," alisema Bi Peyrot. Hakusema zaidi.
Akasogeza bakuli nimwongezee.

Leo asubuhi nimetaka kuchemsha yai.
Jiko likaniuliza, kwa tarakimu nyekundu: dakika ngapi?
Nikachukua ufagio,
nikagonga dari.