Mgeni Yupi

Fomu inataka maneno mia mbili:
Eleza mambo unayopenda kuyachunguza.
Nimeandika "vijidudu na afya ya mwenyeji wao",
nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta.
Nje, mji wa Pau unanyeshewa tangu Jumanne.

Ukweli ni kwamba nampenda chura mmoja.

Si mzuri. Ana rangi ya changarawe iliyolowa,
hajazi kiganja,
na ni dume, na amebeba mayai.
Jike huyatoa yakiwa mkufu;
dume huuzungusha kwenye vifundo vya miguu yake
na kwa majuma kadhaa hutembea hivyo,
kama fundi aliyenaswa na uzi wa cherehani,
mpaka usiku wa kuyashusha majini.

Nilimpangusa kwa pamba: tumbo mara kumi,
kila paja mara tano.
Baba alinisindikiza hadi ziwani na nyumbu wake.
"Maylis," alisema, "miaka yote hiyo ya shule
ili uje umwogeshe chura?"
Hakucheka. Nilicheka mimi.

Pamba ile niliipaka kwenye sahani ya maabara.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
siku ya tatu walikuwa wameshalima.
Madoa ya rangi ya maziwa, madoa ya kiini cha yai,
na doa moja la zambarau iliyokolea,
kama wino uliovujia mfuko wa karani.

Ukungu unaoua vyura huanzia ngozini,
na chura hunywa kwa ngozi, hupumua kwa ngozi;
aliyeishika ngozi ameishika roho.
Agosti iliyopita tuliwakuta ukingoni,
vijana waliotoka majini juzi, chali, miguu imenyooka.
Nilihesabu mia tatu na kumi na mmoja.
Bixente akahesabu, akapata mia tatu na tisa.
Hatukurudia.

Sasa uweke ukungu huo kando ya doa la zambarau.
Husogea. Husogea. Husita.
Kati yao hubaki mwanya
usiozidi upana wa punje ya ngano.
Waheshimiwa wa kamati,
kazi yangu yote imo ndani ya mwanya huo.

Je, baba huyapaka mayai walinzi wake
siku zote zile anazoyaburura?
Au walinzi hutoka kwenye tope? Au ni bahati?
Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa,
lakini mgeni yupi,
na nani alimfungulia?

Nyumbani kuna pango la jibini.
Kila jioni baba huyageuza magurudumu yake,
huyasugua kwa kitambaa na maji ya chumvi,
na ganda huota ngozi ya kahawia yenye harufu ya zizi.
Hajawahi kuchungulia darubini.
"Ukisugua mno umemfukuza mlinzi," huniambia,
"usiposugua, mwizi keshaingia."

Januari alilazwa. Dawa zilimponya mapafu
kisha zikamfagia utumbo, wabaya kwa wema,
zikaacha nyumba tupu na mlango wazi.
Majuma sita tumbo halikutulia.
Mtu aliyekuwa akibeba kondoo kwapani
nilimbeba mgongoni kushuka ngazi,
vifundo vyake vikigonga mapaja yangu.
Hatukusema neno. Ngazi ni kumi na nne.

Sasa anakula mtindi, ananung'unika, anasugua jibini.
Sijui nani alirudi kuishi ndani yake.
Nimemwomba sampuli. Amenitukana
kwa lugha ya bonde letu, ambayo haina maneno mengi ya adabu,
kisha akauliza kikopo kiko wapi.

Zimebaki dakika arobaini.
Naandika: Chura dume hubeba mayai miguuni.
Sifuti.