Nyota Mbele ya Neno

Daftari la baba lina waa la grisi kila ukurasa.
Alikwenda Odesa kusomea injini za meli,
akarudi Kibokoni na maneno.

Kwa wino wa buluu, kila neno lina nyota mbele,
na pambizoni: "Nyota maana yake hakuna aliyelisikia.
Limekisiwa kwa wajukuu wake."

Kukisia huko nakujua. Shuleni tulicheka,
nyumbani mama huteka,
Kadzo wa mlango wa pili, Mgiriama, hutseka.
Nyuma ya vinywa vitatu kuna kicheko kimoja
ambacho hakuna sikio lililokihifadhi.

Ukurasa wa tisa: *medvědь, dubu.
Nusu ya kwanza ni asali, ya pili ni kula.
Mla-asali, basi. Hilo si jina, ni kitendawili
cha watu walioogopa kumwita msituni
wasije wakaitikiwa.
Na jina lake hasa?
"Wenyewe wamelisahau," kaandika baba.

Wa kumi: *zmьja, nyoka. Yaani wa udongoni.
Nikateka peke yangu jikoni,
maana juzi usiku, umeme umekatika,
mama alininong'oneza kutoka chooni,
"Leta fimbo, kuna ugwe hapa,"
na ugwe ukajiviringisha nyuma ya pipa.

Bi Zamu binti Faki hajui hata neno moja la Waslavi.
Sheria yao anaijua.
Miaka thelathini husema "yule wa baridi":
picha za yule wa baridi zilichomwa,
baba yako kaota tena, kaweweseka
kwa lugha ya yule wa baridi.

Mwisho wa daftari, baada ya chumvi, nyuki na daraja,
mstari mmoja umekwanguliwa kwa wembe.
Karatasi imekonda, inapitisha mwanga wa dirisha.
Imesalia nyota
na mkia wa herufi,
labda a, labda ya.

Nikakusanya wajukuu wa jina hilo, wachache:
baba alivyotamka theluji kama aliyeungua ulimi;
sahani moja ya maua asiyotaka ioshwe na mtu;
na mdogo wangu, Nadia,
ambaye kwetu hakuna bibi wala shangazi wa jina lake.
"La Kiarabu," baba alisema siku ya arubaini.
Kweli, la Kiarabu pia.

Mama humwita Kitinda.
Usiku na mchana.