Uzi Usiolika

Dandii, Novemba. Saa tisa unusu jua limeshafunga duka,
na mto Tay umejitanda ukungu hadi kidevuni.
Ghorofa ya tatu, Catriona Guthrie
amekunja mikono ya koti lenye doa la iodini,
anahesabu kwa midomo, bila sauti,
kama alivyohesabu bibi yake kwenye kiwanda cha juti
ambako mitambo iliwala wanawake masikio
wakabaki kusemezana kwa midomo na vidole.

Mimi ndiye ninayeosha vyombo vyake, napima chumvi,
naandika tarehe kwenye vichupa.
Baba yangu alikata mkonge Ngomeni.
Nilipomwambia, alicheka: "Basi, Mwajabu,
sote wawili ni watoto wa kamba."

Anachosokota yeye hakionekani.
Nilimwomba anieleze, akaanza kwa lugha ya vitabuni,
nikamsimamisha. Kwetu, nikamwambia,
shairi lina vina na mizani.
Akaweka kalamu chini. "Endelea."

Basi ni hivi:
uhai umeandikwa kwa herufi nne tu,
kila moja na mwenziwe, A kwa T, G kwa C,
hazikosei kina ila kwa nadra.
Lakini mgongo unaozibeba umejaa chaji,
kila pingili hasi, na hasi humsukuma hasi,
hivyo nyuzi mbili hukumbatiana
huku zikipigana viwiko.
Catriona ameviacha vina, akabadili mgongo:
pingili zisizo chaji, zisizo ugomvi,
mgongo ambao hakuna kiumbe aliyezaliwa nao.
Vimeng'enya, mchwa wa damu,
hufika, huunusa, huuacha.
Hawana meno ya kitu wasichokijua.

Uzi huo ameupanda juu ya dhahabu,
kipande kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga,
wima, kama malaika ya mkono yaliyosimama kwa baridi.
Ndoto yake: tone la damu ya mgonjwa lipite,
na kama kijidudu kimo, kipande cha maandishi yake
kikute kina chake pale, kishike,
mkondo wa umeme ushuke chembe ya chembe,
na daktari ajue kabla chai haijapoa,
si siku ya tatu, mashuka yameshabadilishwa.

Jumanne ile ulishuka.
Tukapeana mikono yenye glavu.
Kisha, kwa mazoea tu, nikapitisha maji matupu.
Ukashuka vilevile.

Maji, jamani. Maji yasiyo na neno
yaliitika "ndiyo".
Miezi minane.
Hakulia. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti,
akaitia mfukoni, akaanza kuitafuta.

Bibi yake, alinisimulia tukingoja basi,
alikuwa hasikii kitu, ila akiweka kiganja juu ya mtambo
alijua kuna uzi umekatika, na upande gani.
Kelele hakuwa na haja nazo. Alikuwa akiwinda tofauti.
Akanyamaza hapo, mdomo wazi kidogo.
Basi likaja, likafungua mlango, likaufunga.
Hatukupanda.

Kesho yake aliweka dhahabu vipande viwili ubavu kwa ubavu.
Kimoja chenye uzi wa kweli. Cha pili uzi uleule,
herufi moja tu ameikosesha makusudi,
kina kimoja kibovu katikati ya ubeti.
Maji yakipita, vyote viwili vitadanganya sawasawa,
na uongo ukitolewa kwenye uongo mwenziwe
hubaki sifuri.
Kikibaki kitu, hicho ndicho.

Sijui kama itafaa. Naye hajui.
Ameniazima koti lake la mvua, limechanika kwapani,
na bomba la joto linagonga ukutani kama mdeni.
Namba zinatambaa kwenye kioo.
Catriona anazihesabu kwa midomo, bila sauti,
nami, tangu majira ya baridi yaliyopita, nimeshajua kuisoma:
kumi na saba. Kumi na saba.
Ngoja.
Kumi na nne.