Masahihisho, Arua

Karani wa Keya aliandika "Isaroko".
Baba ni Ezaruku.
Kwa herufi hizo chache
nishani mbili zilipotea njia miaka kumi na minne.

Leo nimepanda ngazi za boma mara ya sita
na kiapo, na picha iliyoliwa na mende.
Karani mpya kagonga muhuri:
"Ya Burma, na ile ya Ulinzi. Zimeongezwa."

Nilimkuta baba uani akichambua tumbaku.
Nikamwekea gotini.
Hata utepe hakuugusa.

"Na Onzima?"

Onzima yupi, baba?

"Wamemwandika mtoro.
Nilimfukia mwenyewe, kwa bakuli la bati,
ng'ambo ya mto, mvua ikinyesha.
Rudi kesho.
Hizi wakitaka wachukue.
Neno lile walifute."