Sababu Haihusu Konokono

Siku ya kwanza Virve Kadastik alinipa rula,
penseli mbili, na gunia la kupigia magoti.
"Wino hulia mvuani," alisema, "penseli huvumilia."
Nikadhani mafunzo yameisha.

Ukuta wa mawe ya chokaa, hatua sitini,
nyuma ya kanisa, kisiwani Muhu.
Kila konokono ana namba mgongoni
iliyoandikwa kwa rangi ya kucha, nyekundu,
rangi ambayo vidole vya Virve havikuwahi kuionja.

Niliandika: Thelathini na Moja amechoka.
Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta.
"Uchovu umeuona wapi? Una milimita ngapi?"
Nikafuta. Nikarudi magotini.

Thelathini na Moja amejikunja ndani ya gamba.
Mdomo wa gamba umezibwa kwa utando
mweupe kama
"Kama?" akauliza, juu ya bega langu.
Nikaikata kama.
Mweupe. Una ufa mmoja, upande wa kushoto.
Kipimajoto: kumi na moja na nusu.
Mvua: hakuna tangu juzi.

Husemwa macho hayana pazia.
Yangu yalikuwa nalo, zito, la kurithi:
nilichotarajia kilitangulia kufika
kikaketi kwenye kiti cha kilichokuwapo.
Wiki nzima nilihesabu mizunguko mitano kila gamba
kwa kuwa kitabu kilisema mitano.
Siku ya nane, nina mafua, sina hamu ya kuwa sahihi,
nikahesabu mitano na robo tatu.
Nikarudia kwa ncha ya sindano,
polepole, kutoka katikati kwenda nje,
kama mtu anayetoka nyumbani kwake gizani.
(Hiyo kama naomba niachiwe.)
Mitano na robo tatu.
Haikuwa imejificha hata siku moja.

Jioni alinifungulia kabati.
Madaftari thelathini na manne
yamesimama bega kwa bega na mitungi ya jamu.
Nilikuwa nikichora grafu; nikakuta pengo.
Profesa Randmets, aliyekuja kwa feri kutoka bara,
akasema, "Siku moja tu! Jaza kwa wastani."
Virve akamkatia mkate mweusi, akampakia siagi.
Wastani hakumpa.

Pengo lenyewe lilisomeka hivi:

Agosti 14. Sikwenda. Sababu haihusu konokono.

Na chini yake, mwandiko uleule, wala haukutetemeka:

Agosti 15. Saa kumi na mbili asubuhi. Nyuzi kumi na nne. Ukungu.
Saba amesogea sentimita tisa kuelekea kwenye magugu yanayowasha.
Kumi na Tisa ameliwa. Gamba lina tundu.

Nililima macho kwenye ukurasa ule
nikitafuta doa, mkunjo, herufi iliyopinda.
Niliona karatasi.
Nikajifunza kuandika hivyo: niliona karatasi.

Mwisho wa Septemba, nikisubiri mvua ipite,
niligeuka, na ukuta ukawa nyuma yangu.
Makaburi. Hatua nne kutoka kwenye gunia langu,
jiwe fupi, la kijivu: Kaarel Kadastik.
Mwaka ule. Agosti 11.
Majira yote ya joto nilikuwa nimempa mgongo,
mimi, niliyeletwa hapa kutazama.

Virve alikuwa mwisho wa ukuta, ameinama,
midomo ikihesabu bila sauti.
Sikumwita.
Nikafungua daftari, nikanoa penseli.

Jiwe. Jina. Tarehe.
Konokono mmoja juu ya herufi K,
pembe nne nje, anapanda.
Ute unang'aa kwa urefu wa sentimita sita nyuma yake.
Hana namba.

Rangi ilikuwa mfukoni mwangu, kifuniko kimelegea.
Sikumwandika namba.
Nikaliandika na hilo.